Fundi Mwenye Hina: Majibu kwa Wasomaji wa Dodoma na Jirani

Toleo lililopita tuliwauliza wasomaji ni dhana gani kuhusu wanawake inayowakera au kuwazuia. Barua zimefika nyingi, kuanzia Dodoma mjini hadi Chamwino, Bahi, Kondoa na Singida. Msimamo wetu tunauweka wazi mapema: mwanamke anayependa wanja, udi na hina hajapungukiwa akili, na asiyevipenda hajapungukiwa uanamke. Baada ya hapo yanabaki mambo ya utendaji, na huko ndiko tumekaa zaidi.

“Niache hina ndipo niheshimiwe?”

Shikamooni. Nina miaka 24, ni fundi vigae kwenye majengo ya Mtumba. Napenda hina, hereni na kusuka. Wenzangu wanasema nikitaka kuheshimiwa saiti niwe kama mwanaume, niache urembo na nikaze sauti. Nifanyeje? – Fundi, Mtumba

Marahaba, mwanetu. Wenzako wamechanganya usalama na heshima, na wewe vitenganishe. Usalama hauangalii jinsia. Pete ya ndoa ya fundi mwanaume hunaswa na mashine sawasawa na bangili yako, kwa hiyo swali la kujiuliza kuhusu kila pambo ni hili tu: linaweza kunaswa, au kuzuia kifaa cha kinga kukaa vizuri? Hereni ndogo za kubana, vaa. Zinazoning'inia, bangili, pete na mikia ya mtandio vikae kwenye mkoba kabla hujawasha grenda.

Nywele ndizo zenye kazi zaidi. Kofia ngumu inakulinda kwa sababu kuna nafasi kati ya gamba la nje na mikanda ya ndani. Kitu kikidondoka, nafasi hiyo ndiyo inayopokea kishindo. Ukifunga kishungi utosini au kuvaa kofia ya sufi chini yake, nafasi imejaa na kofia inakaa juu kama kifuniko. Suka nywele zilale kichwani, twende kilioni zinafaa sana, na kama umeweka rasta zifunge chini, usawa wa shingo. Kitambaa chepesi cha pamba hakina shida. Kaza mkanda wa kidevu mpaka kidole kimoja tu kipite.

Hina ya majani haina ugomvi na kazi yako. Piko ndiyo ya kuogopa. Ile nyeusi mara nyingi huchanganywa na dawa ya kutia nywele rangi, na ngozi ya baadhi ya watu huvimba na kutoa malengelenge. Ukigusa saruji mbichi juu ya ngozi iliyochubuka, utaungua. Saruji mbichi huunguza polepole, hausikii maumivu mwanzoni, na wengi hugundua jioni wakati ngozi imeshaharibika. Vaa glovu za mpira zisizo na tundu. Saruji ikiingia ndani ya glovu, ivue mara moja uoshe mkono kwa maji mengi yanayotiririka kwa dakika 20, usingoje kumaliza safu. Upepo mkavu wa Dodoma hupasua ngozi kuanzia Juni, basi paka mafuta mazito usiku, si asubuhi kabla ya kazi, maana glovu itateleza. Kucha ziishie kwenye ncha ya kidole. Ndefu hutoboa glovu. Rangi ya kucha ni hiari yako.

Sasa heshima. Sauti nzito haijawahi kunyoosha kigae. Fundi husikilizwa anapotaja kipimo. Ukimwambia saidia fundi “weka mteremko vizuri” atakubishia. Ukimwambia “sentimita moja na nusu kwa kila mita, kuelekea kwenye tundu la maji” atachukua pima maji. Sema kwa sauti yako ya kawaida, mara moja, kisha pima mbele yake.

Jihadhari pia na sifa inayokufunga. Utaambiwa wanawake wana mikono laini, kwa hiyo wewe jaza viungo na ufute vigae. Hiyo ni kazi ya mwisho na aghalabu ndiyo yenye malipo madogo. Omba uwekwe kwenye kupanga mstari wa kwanza na kukata, na ukate kwa maji ukiwa na barakoa na miwani, kwani vumbi la vigae huharibu mapafu. Kabla ya kuanza, ulizeni wote kwa pamoja bei ya mita ya mraba, na andika mita ulizoweka kila siku.

Siku za hedhi, ovaroli ya vipande viwili, suruali na koti, itakuokoa chooni. Badilisha pedi kila baada ya saa 4 hadi 8. Saiti isiyo na choo chenye kitasa ina kasoro, na ni haki kulisema hilo kwa msimamizi. Matusi na kushikwashikwa si utani wa saiti: Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inahesabu unyanyasaji kazini kuwa ni ubaguzi. Andika tarehe, saa, maneno yaliyosemwa na aliyekuwepo. Mgogoro hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 60, na kama ni kuachishwa kazi, ndani ya siku 30. Wengi hupoteza haki kwa kungoja mambo yapoe.

“Ngoma si ya wanaume?”

Binti yangu wa darasa la sita anapenda kupiga ngoma shuleni. Ndugu wananiambia nimkataze, kwamba ngoma ni kazi ya wanaume na msichana kupiga ngoma ni kukosa haya. – Baba, Ipala

Ndugu yetu, umekaa Ugogo na unaambiwa hivyo? Muheme ni ngoma ya wanawake wa Kigogo. Wao ndio wapigaji, ngoma imebanwa katikati ya mapaja, na ni wao wanaoshika mdundo. Mpeleke binti Chamwino siku za tamasha la muziki wa Kigogo akawaone bibi zake. Shuleni mnunulie kaptula ya kuvaa chini ya sketi ili abane ngoma bila wasiwasi. Mwalimu naye amwelekeze kupiga kwa kiganja kilicholegea, vidole vikiwa pamoja; akikaza mkono, kesho yake kifundo kitamuuma.

“Kuandikwa shambani ni kujiandaa kuondoka?”

Tuna ekari mbili za zabibu Chamwino, tulizozipata tukiwa ndani ya ndoa. Kijiji kinaandaa hati za kimila. Mume wangu si mtu mbaya, lakini anasema mwanamke ni mpita njia, akiandikwa kwenye shamba anajiandaa kuondoka. Napenda kuwa mke na mama wa nyumbani, sitaki ugomvi. – Mama wawili

Dada, kupenda nyumba yako hakukunyimi shamba. Wanawake wengi hudhani wachague kimoja, na dhana hiyo imewaacha wajane wengi wakikabidhi funguo kwa mashemeji.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inasema mwanamke mtu mzima ana haki ya kupata, kumiliki, kutumia na kushughulika na ardhi sawa na mwanaume, na kwamba mila inayomnyima mwanamke ardhi haina nguvu. Jina kwenye karatasi lina uzito wake pia. Kwa Sheria ya Ndoa ya 1971, mali iliyopatikana ndani ya ndoa ikiandikwa jina la mmoja, huchukuliwa kuwa ni ya huyo mpaka ithibitishwe vinginevyo. Ikiandikwa majina ya wote wawili, hisa huchukuliwa kuwa sawa. Kazi yako ya nyumbani nayo inahesabika. Mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali ya ndoa. Lakini kuthibitisha hayo mahakamani ni safari ndefu, na hati yenye majina mawili inaifupisha.

Mwenendo wake kijijini huwa hivi. Mnajaza fomu ya maombi kwa Mtendaji wa Kijiji, na hapo hapo ndipo majina mawili yanapoingia, si mwishoni. Wapimaji wanakuja shambani, majirani wote wanatakiwa wawepo na kukubali mpaka. Wewe uwepo pia, usiseme mume anatosha, kwa sababu anayeonekana mpakani ndiye anayekumbukwa kuwa mwenye shamba. Halmashauri ya Kijiji inajadili na kuamua, kisha hati inatiwa saini na mwenyekiti, mtendaji na ninyi wenyewe, na inapelekwa kwa afisa ardhi wa wilaya. Soma majina kabla ya kuweka saini. Yafanane herufi kwa herufi na kitambulisho cha NIDA, maana jina la utani au la ubatizo lisilo kwenye kitambulisho huleta taabu benki na kwenye mirathi.

Mtaulizwa mnamiliki kwa namna gani. Mkimiliki kwa pamoja bila kugawana, mmoja akifariki anayebaki anaendelea na shamba lote. Mkimiliki kwa hisa, sehemu ya marehemu inakwenda kwa warithi wake. Kama mume ana mke mwingine au watoto wa nje, lizungumzeni hili kwa uwazi kabla ya siku ya fomu.

Kwa mumeo, usianze na sheria. Anza na kifo chake na chako, mambo ambayo mwanaume anayejali watoto huyasikiliza: “Nikitangulia mimi, au ukitangulia wewe, nani atavuna?” Dodoma tunavuna zabibu mara mbili kwa mwaka, na shamba likikaa na mgogoro msimu mmoja bila kupogolewa, mizabibu huharibika. Hoja hiyo inamhusu na yeye. Weka pia daftari la shamba: tarehe ya kupogoa, vibarua waliolipwa, dawa iliyonunuliwa, kilo zilizouzwa na nani alipokea fedha. Mkielewana litawasaidia kupanga msimu, na mkishindwana litakusemea.

“Mama mkwe anasema ni lawalawa”

Mwanangu wa kike ana miezi minane. Anajikuna sehemu za siri, ana wekundu, na analia akikojoa. Mama mkwe anasema ni lawalawa na dawa yake ni kukeketwa, asipokatwa atakuwa mchafu na malaya. Wifi ameshaongea na ngariba. Naogopa. – Mama, vijijini Singida

Mama, mpeleke mtoto zahanati leo, na usimwache alale kwa mtu aliyekubaliana na ngariba. Mengine haya soma ukiwa njiani.

Kinachoitwa lawalawa huku kwetu ni dalili za magonjwa ya kawaida yanayotibika. Mrija wa mkojo wa mtoto wa kike ni mfupi, na vijidudu vya haja kubwa hufika kwenye kibofu haraka. Hiyo ni maambukizi ya njia ya mkojo, UTI. Wekundu wenye vipele vidogo kandokando mara nyingi ni fangasi wa kwenye nepi. Kwa mtoto mkubwa kidogo, kuwashwa usiku zaidi huwa ni minyoo. Sabuni kali nayo huunguza. Ukeketaji hautibu hata kimoja kati ya hivyo. Unaongeza kidonda kwenye sehemu yenye ugonjwa, na wembe huo huo unaweza kuleta pepopunda au kumwaga damu ambayo mwili wa mtoto wa miezi minane hauna ya kupoteza. Akiwa mkubwa, kovu halinyooki wakati wa kujifungua, linachanika.

Mwambie mhudumu dalili zote na uombe apimwe mkojo. Akipewa antibayotiki, maliza dozi hata kama ameacha kulia siku ya pili; wengi huacha hapo, ugonjwa unarudi, na jamaa wanasema “si tulikwambia ni lawalawa”. Usitumie mafuta ya fangasi ya mtu mzima bila kuelekezwa. Nyumbani mwoshe kwa maji safi tu, bila sabuni ndani, ukifuta kutoka mbele kwenda nyuma. Kausha kwa kugusagusa na kitambaa laini. Badilisha nepi kila inapolowa, na ziache wazi sehemu hizo kwa muda kila siku. Usiweke chumvi, majani wala ugoro. Kama ana homa, anatapika, anakataa kunyonya au mkojo una damu, hiyo ni dharura, nenda hata usiku. Kuna uwezekano mwingine mchungu, kwamba mtoto ameguswa vibaya; ukiona mchubuko au damu mwambie mhudumu bila kuficha.

Mama mkwe, nenda naye zahanati kama hana nia ya kumtorosha mtoto. Tunasema hivi kwa sababu bibi wengi wanaopigania ukeketaji wanamhofia mjukuu kweli, na akimsikia muuguzi, kisha akaona mtoto anakojoa bila kulia baada ya siku chache, maneno yako yatakuwa na shahidi. Mwambie kwa adabu: “Mama, nimekusikia. Hospitali ipime kwanza.”

Kama wanaendelea na mpango, piga 116, simu ya msaada kwa watoto, ni bure. Toa taarifa pia kwa mwenyekiti wa kitongoji, ustawi wa jamii au dawati la jinsia na watoto kituo cha polisi. Tangu 1998, Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 169A, inamhukumu mwenye malezi ya msichana wa chini ya miaka 18 anayemkeketa au kusababisha akeketwe kifungo cha miaka 5 hadi 15, au faini isiyozidi shilingi 300,000, au vyote. Inamhusu mzazi, si ngariba peke yake.

Utafiti wa afya wa taifa wa 2015–16 ulikuta wanawake waliokeketwa ni asilimia 10 nchini, na Dodoma asilimia 47. Nyuma ya idadi hiyo kuna imani moja, kwamba mwili wa mwanamke umeumbwa mchafu na wenye tamaa mbaya, unahitaji kufanyiwa marekebisho. Sisi tunaikataa kwa nguvu zote. Mwanao amezaliwa mzima.

“Kila kikao, mimi na birika”

Ni mjumbe wa Halmashauri ya Kijiji wilayani Bahi tangu uchaguzi wa Novemba 2024. Kila kikao naambiwa niandae chai, na nikichangia nakatizwa, kisha mwanaume anarudia niliyosema na anapongezwa. – Mjumbe

Dada mjumbe, sheria inataka angalau robo ya wajumbe wa halmashauri ya kijiji wawe wanawake, na kwenye Baraza la Ardhi la Kijiji watatu kati ya saba. Viti hivyo ni vya kuamua. Kama unapenda kukirimu watu, ni tabia njema, usiiue. Ila ipe zamu. Nenda kwa mwenyekiti kabla ya kikao, si mbele za watu, upendekeze orodha ya zamu ya chai kwa majina ya wajumbe wote, au mama lishe alipwe.

Hoja yako ipeleke kwa mtendaji kwa maandishi siku chache kabla, iingie kwenye ajenda ikiwa na jina lako. Ukikatizwa, usipandishe sauti wala usinyamaze. Sema, “Mheshimiwa mwenyekiti, naomba nimalizie,” na uendelee kutoka neno ulilofikia, bila kurudi mwanzo. Hoja yako ikirudiwa na mwingine, sema, “Nashukuru mjumbe ameunga mkono hoja yangu, naomba muhtasari uonyeshe hivyo.” Kikao kinachofuata, muhtasari unaposomwa, sikiliza jina lako. Lisipokuwepo, omba marekebisho kabla haujathibitishwa, kwani baada ya hapo umefungwa. Kaeni pia na wajumbe wanawake wenzako robo saa kabla, mkubaliane nani ataunga mkono nini. Anayesema wanawake hawapendani atajibiwa hapo.

“Eti sasa mimi ni dume”

Nina miaka 51, hedhi imeacha miezi minane. Nasikia joto la ghafla, usiku naloa jasho, na tendo la ndoa linauma. Mawifi wanacheka, mume anasema sasa mimi ni dume mwenzake. – Mama wa Kondoa

Mama, hedhi kukoma kati ya miaka 45 na 55 ni kawaida, na tunahesabu imekoma ikipita miezi 12 mfululizo bila damu. Bado hujafika. Kwa hiyo mimba, ingawa ni nadra kwa umri wako, haijaondoka kabisa. Endelea na uzazi wa mpango mpaka mwaka utimie.

Joto la ghafla linatokana na homoni ya estrojeni kushuka. Lala na shuka jepesi la pamba, vaa khanga badala ya nailoni, na ujaribu kupunguza chai kali na pilipili jioni, maana kwa wengine huamsha joto hilo. Likikuzuia kulala wiki nzima mfululizo, daktari ana dawa, usivumilie kwa sifa. Ukavu unatibiwa na kilainishi cha maji kinachouzwa duka la dawa. Kipake wote wawili, na msiharakishe. Vaselini haifai mkitumia kondomu, maana mafuta huidhoofisha mpira. Shabu na ugoro wa “kubana” viache kabisa, vinachuna ngozi ambayo sasa ni nyembamba.

Mifupa nayo hupungua nguvu haraka katika miaka ya mwanzo baada ya hedhi kukoma. Kula dagaa pamoja na mifupa yake, maziwa na mboga za majani, na endelea kutembea na kubeba mizigo ya kiasi.

Mumeo mpe sehemu hii asome mwenyewe. Wanawake wengi husikia hamu yao kwa mume ikirudi vizuri pale hofu ya mimba na maumivu vinapoondoka, na utani wake wa dume ndio unaowafunga mlango. Udi, wanja na khanga mpya ni vyako bado, kama unavipenda.

Jambo moja lisisubiri. Ukishapita miezi 12 bila hedhi, kisha ukaona damu, hata tone, hata mara moja, nenda hospitali wiki hiyo hiyo ukachunguzwe mlango wa kizazi na mji wa mimba. Wengi husema “hedhi imerudi, bado kijana” na kukaa nayo miezi. Hairudi.